Insulini Unachoma, Sukari Haishuki: Mwongozo Kamili wa Kutunza na Kuchoma Insulini ya Kichupa Nyumbani

Daftari la vipimo vya sukari linasoma 14 mmol/L asubuhi, 17 jioni, na mgonjwa hajaruka sindano hata moja. Kliniki inaongeza dozi. Mwezi unaofuata namba ni zilezile, kisha usiku mmoja sukari inaanguka ghafla na nyumba nzima inaamka. Mambo yakienda hivi, mara nyingi kosa haliko kwenye dozi. Liko kwenye kichupa kilichokaa dirishani, kwenye bomba lisiloendana na dawa, au kwenye kinundu cha tumboni kinachochomwa kila siku.

Mwongozo huu unahusu insulini ya kichupa inayochomwa kwa bomba, ambayo wengi hupewa kwenye kliniki za kisukari. Dozi hupangwa na daktari wako, na hapa hatutaigusa. Tunachotaka ni kwamba dozi uliyopangiwa iingie mwilini yote, ikiwa bado na nguvu yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kichupa cha insulini ambacho tarehe ya mwisho ya matumizi haijapita.
- Mabomba ya insulini ya U-100 yenye sindano fupi. Bomba la kawaida la mililita 2 au 5 halifai kabisa, kwa sababu halina alama za yuniti, yaani kipimo cha insulini.
- Mashine ya kupima sukari, vipimio vyake na sindano ya kutoboa kidole.
- Maji safi na sabuni.
- Sukari ya mezani ndani ya kopo dogo, iwe mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.
- Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ya jiki, ya kutupia sindano.
- Daftari na kalamu.
- Kama hakuna friji: vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa na kingine kinachoingia ndani yake, mchanga, na kipande cha kitambaa.

## Hatua ya 1: Hakikisha bomba na dawa vinaendana

Tazama kichupa. Utaona maandishi kama 100 IU/ml au U-100, maana yake kila mililita moja ina yuniti 100. Kichupa cha mililita 10 kwa hiyo kina yuniti 1,000.

Sasa tazama bomba. Nalo lazima liandikwe U-100, na kwa kawaida kifuniko chake ni cha rangi ya chungwa. Mabomba ya U-40, ambayo kwa kawaida yana kifuniko chekundu, yametengenezwa kwa insulini nyepesi zaidi. Ukivuta insulini ya U-100 hadi alama ya 20 kwenye bomba la U-40, umevuta nusu mililita, na nusu mililita hiyo ni yuniti 50. Umejichoma mara mbili na nusu ya dozi yako. Kosa hili linaweza kumuua mtu usingizini, kwa hiyo usiamini rangi peke yake; soma maandishi kila unaponunua pakiti mpya.

Kuna mtego mwingine hata kwenye U-100. Bomba la mililita 1 kwa kawaida kila kimstari kina thamani ya yuniti 2, na la nusu mililita kila kimstari ni yuniti 1. Aliyezoea kuhesabu vimistari badala ya kusoma namba, siku duka la dawa likimpa bomba la ukubwa tofauti atachoma nusu ya dozi au mara mbili yake. Soma namba.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumwonyesha mtu wa nyumbani kwako alama kamili ya dozi yako kwenye bomba, naye akairudia bila msaada.

## Hatua ya 2: Jua insulini yako ni ya aina gani

Insulini ya haraka ya binadamu, yaani iliyotengenezwa ifanane na ya mwili wa mtu, ni angavu kama maji. Huanza kazi baada ya kama nusu saa na nguvu yake huwa kubwa saa 2 hadi 4 baada ya kuchoma. Insulini ya kati ina ukungu mweupe, huanza polepole na kudumu kwa saa nyingi. Ya tatu ni mchanganyiko, maarufu kama 30/70: asilimia 30 ya haraka, asilimia 70 ya kati. Nayo ina ukungu.

Onyo moja kwa wanaotumia insulini mpya za muda mrefu kama glajini: hizo ni angavu lakini si za haraka. Weupe au ung'avu hautoshi kukuambia aina. Jina lililo kwenye lebo ndilo linalosema, na jina hilo liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

## Hatua ya 3: Itunze mahali sahihi

Hapa ndipo dawa nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinahitaji nyuzi joto 2 hadi 8, yaani rafu ya kati ya friji. Usikiweke kwenye friza wala kukigusisha na ukuta wa nyuma unaoganda barafu. Insulini iliyoganda ikayeyuka imeharibika hata kama unaiona nzima. Itupe. Mlango wa friji nao si mahali pazuri, maana hufunguliwa kila saa.

Kichupa unachokitumia hakihitaji friji lazima. Kinahitaji kivuli na ubaridi wa kawaida, na karatasi iliyomo ndani ya boksi itakuambia kiwango cha juu cha joto, kwa kawaida nyuzi 25 au 30. Wengi wetu tunaishi kwenye joto zaidi ya hilo. Mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Joto la ndani ya nyumba pale lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa siku. Insulini iliyopitishwa kwenye joto la namna hiyo kwa wiki 4 ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye ubaridi.

Ni habari njema kwa asiye na friji, lakini isomwe vizuri. Inahusu wiki 4, ndani ya nyumba, kivulini. Haihusu akiba ya miezi mitatu kabatini, wala kichupa kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari, juu ya friji panapotoka joto, karibu na jiko, au dirishani jua linapopiga.

Chungu cha kupozea hutengenezwa hivi. Chagua vyungu visivyopakwa rangi wala vanishi, kwa sababu maji lazima yapenye kwenye udongo. Viloweke usiku mmoja. Weka mchanga chini ndani ya kile kikubwa, kalisha kile kidogo juu yake, kisha jaza mchanga kwenye nafasi iliyobaki pembeni, upana wa vidole viwili hivi. Mwagia mchanga maji hadi uloe. Kichupa kiweke ndani ya kopo kavu lenye mfuniko ili lebo isibanduke, kopo liingie kwenye chungu kidogo, halafu funika kwa kitambaa kibichi. Loanisha mchanga na kitambaa asubuhi na jioni.

Kinachopoza ni maji yanapokauka kwenye udongo, kwa hiyo chungu kinahitaji upepo. Ukikifungia kabatini hakitapoza kitu. Dodoma au Turkana, ambako hewa ni kavu, kinafanya kazi vizuri sana. Tanga, Mombasa na Unguja wakati wa masika hewa imejaa unyevu na chungu hupoza kidogo tu. Huko ni busara kuomba akiba yako itunzwe kwenye friji ya jirani au ya zahanati, wewe ubaki na kichupa kimoja cha matumizi.

Safarini, kichupa kikae kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye buti la basi. Ukitumia barafu, kifunge kwanza kwa taulo. Barafu ikikigusa moja kwa moja inaweza kukigandisha.

## Hatua ya 4: Andika tarehe ya kufungua

Siku unapotoboa mpira wa kichupa, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya lebo. Vichupa vingi hutupwa baada ya wiki 4. Baadhi huruhusiwa zaidi, fuata karatasi yake.

Ni hatua chungu, tunalijua hilo. Anayetumia yuniti 18 kwa siku, katika siku 28 atakuwa ametumia yuniti 504, na nusu ya kichupa imebaki. Kumwaga dawa iliyonunuliwa kwa shida kunauma. Lakini inayobaki hupungua nguvu kimyakimya, huku sukari ikipanda na wewe ukilaumu wali. Kama dozi yako ni ndogo, waulize kliniki kama wanayo insulini ya ujazo mdogo, kwa mfano ya mililita 3 inayotumia kalamu.

## Hatua ya 5: Pima sukari kabla ya sindano

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Spiriti peke yake haitoshi: aliyemenya embe ana sukari kidoleni, na mashine itasoma 15 wakati damu ina 8. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana. Kopo la vipimio lifungwe mara moja, unyevu huviharibu.

Kama namba iko chini ya 4.0 mmol/L, usichome. Tibu sukari iliyoshuka kwanza (Hatua ya 10), kisha wasiliana na kliniki kuhusu dozi hiyo.

## Hatua ya 6: Amsha insulini ya ukungu

Insulini yenye ukungu ikikaa hutuama, dawa chini na maji juu. Anayevuta bila kuchanganya hupata maji leo na dawa nzito wiki ijayo, na sukari yake hupanda na kushuka bila mpango.

Kizungushe kichupa katikati ya viganja mara 10, kisha kipindue juu chini taratibu mara 10. Usikitikise kwa nguvu kama chupa ya dawa ya kikohozi: povu litaingia kwenye bomba na kula nafasi ya dozi. Kama kimetoka kwenye friji, kiache kivulini kipoteze baridi kwanza, kwa sababu insulini ya baridi huuma.

Utajua umefanikiwa ukiona weupe uliolingana kama maziwa, bila kitu chini. Ukiona mabonge, chembe zilizong'ang'ania kioo kama ukungu wa barafu, au insulini angavu iliyoingia uchafu, hiyo usiitumie.

## Hatua ya 7: Vuta dozi

1. Futa mpira wa kichupa kwa spiriti, subiri ukauke.
2. Vuta hewa kwenye bomba kiasi sawa na dozi yako. Kama dozi ni 20, vuta hewa ya 20.
3. Toboa mpira, sukuma hewa ndani. Bila hewa hii kichupa hunyonya, na dozi inakuwa ngumu kuvuta.
4. Pindua kichupa kichwa chini, ncha ya sindano ikiwa ndani ya dawa, vuta kidogo kupita dozi.
5. Gonga bomba kwa ukucha ili mapovu yapande, yasukume yarudi kichupani, kisha rekebisha hadi alama kamili. Bomba lishike usawa wa macho.

Povu dogo likiingia chini ya ngozi halitakudhuru. Tatizo lake ni kwamba limekaa mahali pa dawa.

Kama umeelekezwa kuchanganya mbili kwenye bomba moja, utaratibu ni huu: hewa kwenye kichupa cha ukungu, hewa kwenye kichupa angavu, vuta angavu kwanza, malizia na ya ukungu. Ukigeuza, tone la ukungu litaingia kwenye kichupa angavu na kukiharibu chote. Ukizidisha ya pili, usirudishe. Mwaga bomba zima uanze upya. Glajini haichanganywi na chochote.

## Hatua ya 8: Chagua mahali pa kuchoma

Tumbo, mapaja upande wa mbele na nje, makalio sehemu ya juu, na nyuma ya mkono wa juu. Tumboni dawa hufyonzwa haraka zaidi, pajani na makalioni polepole. Ndiyo maana haifai asubuhi tumbo leo na paja kesho. Saa ileile tumia eneo lilelile, lakini ndani ya eneo hilo hama.

Namna rahisi ya kuhama: ligawe tumbo robo nne, kila wiki robo moja. Acha vidole viwili kuzunguka kitovu. Kila sindano iwe mbali na ya jana angalau upana wa kidole.

Mara moja kwa wiki papasa. Tumia vidole vyenye sabuni na maji, vitelezeshe taratibu juu ya ngozi. Unatafuta vinundu laini au ugumu, mafuta yaliyojijenga chini ya ngozi kwa kuchomwa mahali pamoja. Wagonjwa wengi wanapapenda kwa sababu hapaumi, na watoto hupaomba kabisa. Lakini insulini inayoingia kwenye kinundu hukwama, leo inatoka nusu, kesho inatoka yote.

Onyo kubwa: ukigundua kwamba umekuwa ukichoma kwenye kinundu, usihamie ngozi nzima kwa dozi ileile bila kuwaambia kliniki. Dozi iliyopandishwa kwa sababu ya kinundu, ikiingia kwenye ngozi nzuri, itafanya kazi yote na sukari itaanguka. Huenda ikahitaji kupunguzwa, na siku hizo utapima mara nyingi zaidi.

## Hatua ya 9: Choma, kisha kula kwa saa yake

Safisha ngozi kwa maji na sabuni, iwe kavu. Usichome kupitia kanga au shati, huoni unapochoma.

Bana ngozi kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, unyanyue mafuta bila kukamata msuli. Sindano ya milimita 6 kwa mtu mzima huingia wima. Ya milimita 8 au zaidi, na hasa kwa mtoto au mtu mwembamba, iingie kwa mshazari wa nyuzi 45. Ikifika kwenye msuli, insulini hukimbia na kushusha sukari kwa kasi.

Ingiza haraka, sukuma polepole, hesabu hadi 10, toa sindano, ndipo uachie ngozi. Usisugue. Tone la damu si tatizo. Tone la dawa likivuja, usirudie sindano kwa kukisia. Andika daftarini na upime.

Insulini ya haraka ya binadamu na mchanganyiko wa 30/70 huchomwa dakika 30 kabla ya kula. Chakula kiwe kimeiva, au kinakaribia. Kuchoma ukiwa kwenye daladala kwa matumaini kwamba utafika nyumbani ni hatari. Foleni haina nusu saa. Na anayekusudia kufunga Ramadhani aende kliniki wiki kadhaa kabla, kwa sababu dozi za futari na daku si zile za siku za kawaida, na wapo ambao kufunga hakuwafai.

Bomba ni la kutumika mara moja, na sindano iliyorudiwa huwa butu na huchangia vinundu. Bomba lako lisitumiwe na mtu mwingine kwa hali yoyote, hata ndugu wa damu.

## Hatua ya 10: Sukari ikishuka

Kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au hasira isiyo na sababu. Pima kama unaweza; kama huwezi, tibu kwanza.

Vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye maji. Au soda ya kawaida mililita 150, yaani nusu ya chupa ndogo. Soda isiyo na sukari haisaidii, na chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Baada ya dakika 15 pima tena. Kama bado iko chini ya 4.0, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukaa tumboni: mkate, ugali, ndizi.

Aliyezimia au asiyeweza kumeza asipewe chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali.

## Siku za homa na kutapika

Mwenye kisukari aina ya kwanza akiugua na kushindwa kula, wa nyumbani huacha sindano wakidhani wanamwokoa. Mwili wenye homa mara nyingi hutaka insulini zaidi. Kamwe usiache insulini ya muda mrefu. Pima kila baada ya saa chache, mpe maji, piga simu kliniki. Kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu na haraka, au pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva sana: hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

## Kutupa sindano

Moja kwa moja kwenye chupa ngumu, bila kuacha mezani. Ikijaa robo tatu, funga, peleka kituo cha afya. Jalalani kuna watoto.

## Umefanya yote na sukari bado iko juu

Kabla ya kuomba dozi iongezwe, kagua kwa mpangilio huu. Tarehe ya kufungua imepita wiki 4? Kichupa kilipigwa na jua au kuganda? Bomba ni U-100? Kuna kinundu? Ukungu ulichanganywa? Mikono ilinawiwa kabla ya kupima?

Usipopata kosa, fungua kichupa kipya chenye historia safi, endelea na dozi ileile, mahali palepale penye ngozi nzima, upime kabla ya kila mlo kwa siku 3. Namba zikishuka wazi, kichupa cha zamani kilikuwa kimekufa. Zikibaki juu, nenda kliniki na daftari, kichupa na bomba lako lenyewe, waone kwa macho unavyovuta.

Na kama dozi ilikwisha kuongezwa wakati ukitumia kichupa kibovu, waambie kabla hujafungua kipya. Dozi hiyo ilipangwa kwa dawa iliyopungua nguvu. Ikikutana na dawa nzima, usiku wa kwanza ndio wa kuogopa: pima kabla ya kulala, na kopo la sukari liwe kando ya kitanda.